Nyanya Juu ya Mzizi wa Bilinganya

Katika sura ya 11 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anawaeleza waumini wa mataifa kwa mfano wa mzeituni. Matawi mengine yalikatwa, na tawi la mzeituni mwitu likatiwa mahali pao, likaanza kunywa kutoka kwenye mzizi usiokuwa wake. Biblia yetu ya Kiswahili inaiita kazi hiyo kupandikiza. Lakini kwa sisi tunaolima mboga kwenye miteremko ya Meru, kupandikiza ni kuutoa mche kitaluni na kuupeleka shambani. Kazi ya kukata na kuunganisha tunaiita kubebesha, na walioizoea ni watu wa parachichi na maembe. Mche mmoja unabebeshwa mwingine, basi. Ukisoma aya ya 18 ya sura ile ile utaona kwamba jambo analolikazia Paulo ni hilo hilo la kubeba: tawi lisijisifu, kwa maana tawi haliubebi mzizi, mzizi ndio unaolibeba.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama 11 na akina baba 3 wa jumuiya moja ya usharika. Tuna robo ekari tunayoilima pamoja, na kila mmoja ana kipande chake nyumbani. Nyanya ndizo zinazolipa ada za watoto, sare, na mara nyingi sadaka ya mavuno. Kwa hiyo nyanya zilipoanza kufa, hatukuwa tunapoteza mboga tu.

Mkulima wa nyanya anaujua ugonjwa huo hata kama hajui jina lake. Mmea umesimama vizuri, umeanza kutoa maua, majani ni ya kijani kabisa. Saa sita mchana unalegea kama uliomwagiwa maji ya moto. Jioni unainuka kidogo, unakupa matumaini. Siku ya tatu au ya nne hauinuki tena, na jirani yake naye ameanza kulegea. Haugeuki njano kwanza, wala hauna madoa. Unakufa ukiwa kijani, na kifo kinafuata mstari wa maji ya mfereji, kutoka juu kwenda chini.

Ni huo mstari wa maji ulioleta shida kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Juu ya shamba letu, mahali mfereji unapoanzia kugawanywa, kuna kipande cha bibi mmoja mjane. Anaishi peke yake na huamka mapema sana, kabla ya adhana na kabla ya kengele, akaenda shambani kwake na ndoo. Nyanya zake zilikufa kwanza. Zetu zikafuata, kisha za walio chini yetu. Watu wakaanza kuunganisha mambo: ndoo, alfajiri, mfereji, mjane asiye na mtoto wa karibu. Halikusemwa kanisani, lilisemwa kisimani na sokoni, na mwishowe likasemwa kwenye jumuiya kwa njia ya ombi la maombi. Mtu mmoja aliomba Bwana avunje kila kazi inayofanywa gizani kwenye maji yetu. Kila aliyekuwepo alijua ni nani anayetajwa. Bibi alikuwepo. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Tunalieleza hili kwa sababu katika vitabu vya namna hii ushuhuda mara nyingi huanzia pale mambo yalipopona. Sisi tunadhani ni vizuri msomaji ajue kilichokuwa hatarini. Katika nchi yetu vikongwe wamekufa kwa tuhuma za namna hii. Huanza na jambo dogo lisilo na maelezo, halafu mtu anapata maelezo yenye jina la mtu.

Aliyetuletea maelezo mengine ni afisa ugani wa kata, kijana mpole mwenye pikipiki. Aling'oa mmea mmoja uliolegea, akauosha, akakata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kama kidole. Akaomba glasi ya maji safi. Akakishika kile kipande wima, ncha ikigusa maji, akatuambia tusitikise meza. Baada ya dakika chache tuliona uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye shina, kisha mwingine, polepole, kama moshi unaoshuka badala ya kupanda. Maji yakawa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa sana. Halafu akakata shina la mmea mzima kutoka kona nyingine ya shamba, akafanya vile vile, na maji yakabaki safi.

Ule uzi mweupe, alisema, ni bakteria. Ugonjwa unaitwa mnyauko bakteria, na kijidudu chake kinaitwa Ralstonia. Kinaishi udongoni miaka mingi. Kinaingia kwenye mzizi kupitia jeraha dogo lolote, kinazaliana ndani ya mirija inayopandisha maji mpaka mirija inaziba, na ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Kinasafiri kwa maji ya mfereji, kwa jembe, kwa tope la viatu, kwa miche iliyonunuliwa mahali penye ugonjwa. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya mmea uliokwisha kushikwa. Hupenda jamii yote ya nyanya: viazi mviringo, pilipili, hata tumbaku.

Mzee mmoja wa kanisa alimwomba kijana yule arudie jambo lile la glasi Jumapili baada ya ibada, chini ya mti, mbele ya watu. Akarudia. Hakuna aliyehubiri. Watu walitazama glasi mbili, moja nyeupe na moja safi, wakaondoka wakizungumza mambo mengine, kama watu wanavyofanya wakiwa wameelewa na hawataki kuonekana wameelewa.

Sasa ilibaki habari ya kula. Shauri la kwanza kwa udongo wenye mnyauko ni kuacha nyanya na jamii yake kwa miaka kadhaa na kupanda mahindi. Ni shauri zuri kwa mwenye ekari kumi. Mwenye robo ekari akipanda mahindi atapata magunia machache, na ada ya shule haipungui kwa sababu udongo unaumwa. Shauri la pili lilikuwa la ajabu zaidi: kuna mabilinganya ambayo mizizi yake haishikwi kwa urahisi na kijidudu hiki. Ukate kichwa cha bilinganya, ukate mizizi ya nyanya, uunganishe kichwa cha nyanya na mzizi wa bilinganya.

Njia hii si ngeni duniani. Wakulima wa Japani na Korea walianza katika miaka ya 1920 kubebesha tikiti maji juu ya mizizi ya maboga na mung'unye ili kukwepa magonjwa ya udongo. Kwa nyanya juu ya bilinganya, waliofanya kazi kubwa ni watafiti wa World Vegetable Center, kituo kilichoanzishwa huko Taiwan mwaka 1971, ambacho ofisi zake za kanda yetu ziko Arusha. Moja ya mabilinganya waliyoyapendekeza kwa mizizi inaitwa EG203. Inavumilia mnyauko, inavumilia minyoo fundo, na inavumilia hata maji yakituama shambani siku chache, jambo ambalo nyanya yenyewe haliwezi.

Kazi yenyewe ni ya mikono midogo na ya utulivu. Bilinganya linasiwa kwanza, siku chache kabla ya nyanya, kwa sababu linakua taratibu. Unasubiri mpaka mashina yote mawili yawe na unene wa njiti ya kiberiti na majani halisi mawili au matatu. Unene ni lazima ulingane. Unanawa mikono kwa sabuni, unafuta wembe kwa spiriti, na unaufuta tena kila baada ya miche michache, kwa kuwa wembe mchafu utaugawa ugonjwa wenyewe unaoukimbia. Bilinganya unalikata kwa mshazari juu ya yale majani mawili ya kwanza. Nyanya unaikata kwa mshazari ule ule. Tuliambiwa kuna vibanio maalumu vya silikoni, lakini bei yake si ya kwetu. Tulitumia ule mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, tukaukata vipande vya kama sentimita 1 na kuuchana upande mmoja. Unavisha mpira kwenye shina la bilinganya, unasukuma kikonyo cha nyanya ndani mpaka jeraha liguse jeraha, bila nafasi katikati. Basi. Mtu akizoea anamaliza mche mmoja chini ya dakika.

Kinachofuata ndicho kigumu. Miche inawekwa kwenye kibanda kidogo: fito, nailoni inayofunika kote, juu yake kitambaa cheusi cha kivuli, na chini beseni za maji ili hewa iwe nzito kwa unyevu. Siku za kwanza kichwa cha nyanya hakina mizizi yoyote. Hakinywi. Kinaishi kwa unyevu wa hewa tu, na jua likikipiga hata kidogo kimekwisha. Siku ya pili miche yote inaonekana imekufa. Yote. Unachungulia kupitia nailoni yenye jasho, unaona vichwa vimelala, na mkono unawasha kutaka kufungua, kunyunyizia, kusogeza. Ukifungua, unyevu unatoka, na ndipo inakufa kweli. (Watoto wetu tuliwaambia ndani mna nyoka. Haikuwa kweli, na ilisaidia siku moja tu.)

Mpaka siku ya nne au ya tano. Asubuhi moja vichwa viko juu. Ndani ya ule mpira, mahali ambapo hakuna jicho linaloona, kila upande umetoa nyama laini, nyama zimekutana, na mirija ya maji ya bilinganya imeunganika na mirija ya nyanya. Hakuna aliyeiunganisha. Sisi tulikata, tukashika, tukafunika. Kama wiki moja hivi baadaye unaanza kufungua nailoni kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho, kuizoesha hewa. Trei yetu ya kwanza zilishika chini ya nusu. Ya tatu zilishika karibu zote, na kati ya trei hizo mbili tulijifunza zaidi juu ya subira kuliko katika mafundisho mengi tuliyokaa.

Shambani nako kuna mambo ambayo mkulima wa nyanya lazima ayaache. Tumezoea kuifukia nyanya kwa kina na kuipandishia udongo, maana shina la nyanya hutoa mizizi likiguswa na udongo. Iliyobebeshwa usiifukie. Ile kovu lazima ibaki juu ya ardhi, ionekane. Ukiifunika, nyanya itatoa mizizi yake ya zamani, itanywa yenyewe kwenye udongo wenye ugonjwa, na kazi yote ya wembe imepotea. Na bilinganya nalo halijasahau kuwa ni bilinganya. Litachipua machipukizi chini ya kovu, na usipoyatoa kila wiki yatakuwa makubwa na kukinyima chakula kichwa cha nyanya.

Tulipanda mistari ya miche iliyobebeshwa katikati ya mistari ya kawaida, kwenye udongo ule ule, maji yale yale ya mfereji. Mpaka tunafika kuvuna, mistari ya kawaida ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Mingi ya ile iliyobebeshwa ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo mmoja wa wazee wetu alipotuletea Walawi 19:19, panapokatazwa kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Aliuliza kwa unyoofu, na tunaona swali lake lilistahili zaidi ya kucheka. Walimu wa Kiyahudi waliichukua sheria hiyo kwa uzito hata wakakataza kubebesha mti wa namna moja juu ya namna nyingine. Sasa Paulo, aliyelelewa katika Torati, anachukua picha ya kubebesha ili kueleza jambo kubwa kuliko yote analolijua! Tena katika aya ya 24 anakiri mwenyewe kwamba tendo hilo ni kinyume cha asili. Kwa kawaida mkulima huchukua tawi zuri na kulitia kwenye mzizi mgumu wa mwitu, kama sisi tunavyofanya. Paulo anageuza: tawi la mwitu linatiwa kwenye mzizi mwema. Wapo wanaosema hakujua kilimo, kwa kuwa alikuwa mtu wa mjini. Lakini Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ile ile, anashauri kwamba mzeituni usiozaa vizuri utobolewe na kutiwa kijiti kibichi cha mzeituni mwitu. Kwa hiyo jambo lilikuwepo. Hata hivyo sisi tunamsoma Paulo hivi: alijua vizuri kwamba hakuna mkulima mwenye hesabu ambaye angetegemea matunda kutoka kwenye tawi la mwitu, na ndiyo maana akasema hivyo. Habari ya neema haiendi kwa hesabu ya mkulima.

Kuhusu nyanya na bilinganya, tulimjibu mzee kwamba ni ndugu. Wako ukoo mmoja. Nyanya haishiki juu ya mhindi wala kabichi hata ukikesha. Alikubali nusu. Anakula nyanya zetu, ila anasema bado anafikiri.

Swali lake lilitufikisha mbali zaidi kuliko alivyokusudia, kwa maana tuliuliza: je, mzizi unabadilisha tunda? Nyanya juu ya bilinganya hubaki nyanya, ngozi nyekundu, ladha ya nyanya, mbegu za nyanya. Lakini hilo si la kila mzizi. Ule mmea wa mnanaha, ambao wengine huuita muranha, nao ni wa ukoo huo huo, na nyanya hushika juu yake. Huko Marekani watu waliwahi kuugua kwa kula nyanya zilizobebeshwa juu ya mizizi ya aina hiyo: sumu ilipanda kutoka mzizini mpaka ndani ya tunda, na tunda kwa macho lilikuwa nyanya kama nyingine. Tangu tulipojifunza hilo, ile aya ya 16, kwamba mzizi ukiwa mtakatifu matawi nayo ni matakatifu, haisomeki tena kwetu kama pambo la maneno. Kinachopanda kutoka chini hufika kwenye meza za watu.

Na mbegu? Ukichukua mbegu za nyanya iliyobebeshwa ukazipanda, utapata nyanya isiyo na kinga yoyote. Ule mzizi haurithiwi. Kila msimu lazima ukae tena na wembe, mche kwa mche. Mama mmoja wetu ana watoto watano, wawili wako mjini na hawasali. Siku tulipoelezwa jambo la mbegu aliweka wembe chini, akasema, "Kumbe." Hakusema kitu kingine, akauchukua tena.

Tusije tukamdanganya mtu kwamba kubebesha kunamaliza shida. Mzizi unalinda dhidi ya yaliyo udongoni tu. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, haulizi mzizi ni wa nani. Anaingia kwenye jani na tunda. Ukungu wa majira ya baridi nao vile vile. Nyanya iliyobebeshwa isiyotazamwa itaoza ikiwa imesimama juu ya mizizi imara kabisa. Tena ni kazi nyingi. Mwenye udongo usio na ugonjwa hana haja nayo, na tumemwambia hivyo kila aliyekuja kutazama.

Turudi kwa bibi. Baada ya ile Jumapili ya glasi, watatu kati yetu tulikwenda kwake. Hatukupeleka maneno mengi. Tulimsalimu, shikamoo, akaitikia marahaba bila kutualika ndani. Tukamwomba jambo moja: kibanda cha miche kinahitaji mtu wa kukiangalia alfajiri, kujaza beseni kabla jua halijatoka, na sisi sote tuna watoto wa kuandaa kwenda shule. Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Mnataka mimi niwaangalizie maji?" Alilitamka neno maji polepole. Tukasema ndiyo.

Alikuja. Ni yeye aliyegundua kwamba upande wa mashariki wa kibanda unaingiza jua kupitia tundu, na ni yeye aliyelishona. Mikono yake inatetemeka kidogo, hawezi kukata, lakini kuvisha mpira anavisha kuliko sisi sote. Kipande chake cha juu kina mistari sita ya nyanya juu ya bilinganya, na watu wa chini hawasemi tena kitu juu ya mfereji, angalau si mbele yetu.

Ila kwenye jumuiya hajarudi. Ibadani anakuja, anakaa nyuma, anaondoka kabla ya matangazo. Aliyeomba lile ombi hajamwendea, na bibi hajasema kama anamsubiri. Mchungaji amezungumza na kila mmoja peke yake. Wapo wanaotuuliza kwa nini hatuwakutanishi tu, tuwasimamishe wapeane mikono mbele ya watu. Tumeona majeraha mengi ya nyanya sasa, tunajua yanagusana vizuri pale tu yote mawili yamekatwa na yote mawili ni safi. Hapa limekatwa moja.

Msimu mpya umeanza. Bilinganya zimeota vizuri, trei nane. Nyanya tutasia Jumanne mvua ikituruhusu, na bibi ametuma mtoto kutuambia tununue mpira mpya wa valvu, ule wa mwaka jana umelegea.